Wavu wa Tundu Dogo

Mie niliishia darasa la nne na silifichi hilo. Nilishuka stendi ya Ubungo na begi la nailoni, nikaanza kwa kufagia vyuma chakavu kwenye karakana ya mtu. Leo nina karakana yangu ya kuchomelea vyuma, na ukipita Msasani mageti ya mkono wangu utachoka kuyahesabu. Nayasema haya ujue kwamba aliyetengeneza mtego nitakaokusimulia hakuwa mbabaishaji.

Nyuma ya nyumba yangu, huku Mbagala, kuna bonde la maji lenye matete. Mtaa mzima tulilifanya jalala, mpaka bibi mmoja jirani yangu, mtu wa Lindi, muuza mihogo ya kuchemsha, alipoanza kuzoa taka peke yake na toroli bovu. Tukaona aibu. Tukawa kikundi, Jumamosi kwa Jumamosi, na matete yakasimama tena. Ndege wakarudi. Bibi aliwapenda zaidi wale wadogo wa njano wanaofuma viota vya kuning'inia, minana. Wakianza kelele zao asubuhi, anaacha sufuria motoni anakwenda kusimama ukingoni.

"Nilipokuwa mwari walikuwa mlangoni kwetu," aliniambia. "Nilidhani nitakufa sijawasikia tena."

Kunguru nao wakasikia. Walikuja kwenye viota vile kama watu wanaokwenda gengeni. Wanachana kiota, wanachomoa kinda, wanamla huku wanakutazama. Bibi aliwarushia mawe mpaka bega likamvimba. Alisema minana wakikosa watoto msimu mwingine watahama, na yeye umri wa kuwasubiri tena hana.

Nikasema nitawatega. Katibu wa kikundi, mwenye duka la vipodozi, akaangua kicheko mbele za watu.

"Kunguru wa Dar ana digrii, braza! Wewe na darasa la nne lako utamweza?"

Nikacheka na wenzangu, nikaenda karakana nikawasha mashine.

Niliunda kizimba kirefu kama chumba cha choo. Juu nikaacha mwanya wenye vyuma vya kukingama, mfano wa ngazi. Kunguru anakunja mbawa anadumbukia. Akitaka kuruka atoke, mbawa zinagonga vyuma. Ndani unaweka wali na utumbo wa kuku, na kunguru mmoja mzima wa kuwaita wenzake, maana bila kumwona mwenzao hawaingii.

Bibi alikuja akaupapasa wavu wa pembeni. "Baba, tundu hili dogo. Minana wakiufuata wali watatokea wapi? Weka tundu kubwa, wadogo wapite."

"Bibi, wewe chemsha mihogo. Chuma niachie mie."

Akarudi kwenye sufuria yake. Wavu wa tundu dogo unavutika ukanyooka, mtego ukapendeza kama kabati la kioo. Niliuchagua kwa sababu hiyo tu.

Na mtego ulifanya kazi! Kila jioni tulitoa kunguru na kufagia wali uliobaki, usije ukawavuta minana alfajiri. Kunguru wakapungua, viota vikatulia, makinda wakaanza kusikika. Katibu mwenyewe akaanza kuniita injinia, nami nikawa napita dukani kwake hata nisipokuwa na cha kununua.

Ndipo nikapata kazi ya geti Msasani, kazi ya kulala hukohuko siku tatu. Nikamkabidhi katibu mtego na ufunguo wa kufuli lake mbele ya kikundi: kila jioni kunguru watolewe, wali ufagiliwe.

"Nenda zako, injinia. Kwani kufagia kunataka digrii?"

Niliporudi nilimkuta bibi amekaa kwenye ndoo kando ya mtego. Ndani kunguru walikuwa wamejaa, na sakafu yote ilikuwa manyoya ya njano. Katibu hakufika hata siku moja. Wali ulibaki, minana wakaufuata, wakapigana na wavu wangu hadi kunguru walipowamaliza. Kwenye matete makinda walikuwa bado wanalia njaa.

Nilimfuata katibu dukani. "Zamu ilikuwa yako!"

"Na bucha nimejenga mimi?" akanijibu. "Umewajengea ndege wetu bucha, injinia."

Tulitukanana mpaka wateja wakakimbia. Bibi akaja taratibu, akasimama kati yetu. Nilitaka anitukane na yeye.

"Tundu, baba," akasema. "Nilikwambia tundu."

Alfajiri nilikata wavu ule wote nikaweka wa tundu kubwa. Makinda walikuwa wameshanyamaza. Jumamosi nikakaa bondeni na reki hadi jua likawa kali, na hakuja mtu. Katibu alikuwa ameshatangaza kwamba hashiki reki mpaka fundi aombe radhi. Mie nikasema aanze yeye. Hakuna aliyeanza. Takataka ndizo zilizoanza, kwanza mifuko, halafu magodoro.

Siku hizi bibi anauzia mihogo yake upande wa barabarani, bonde ameligeuzia mgongo. Nampa shikamoo, ananipa marahaba, yanaishia hapo. Minana hawapo. Kunguru wanalala juu ya kizimba changu, wanakinyea, na kila nikipita nakitikisa nione kama kimelegea. Nilikichomelea vizuri. Hakuna kiungo kilichoachia.