Trekta la Wananchi Wote

Bodi ya makumbusho inatangaza kwamba matrekta yake kumi na sita ya kale ni mali ya wananchi wote bila ubaguzi, na hakuna mtu mwenye haki ya kuliita hata moja "langu". Tangazo limetundikwa mlangoni ndani ya fremu yenye kioo. Kioo husafishwa kila asubuhi na mtu pekee asiyekubaliana nalo.

Kazini anaitwa Masizi. Kwa miaka ishirini na miwili ameyapaka grisi matrekta yote na kuzungusha injini kwa mkono zisigande, lakini husema na moja tu: lile kongwe la silinda moja, lisilo na stata. Kuliwasha kuna utaratibu. Unapasha kichwa cha injini kwa moto mpaka kiive, unachomoa usukani, unauchomeka kwenye gurudumu zito la ubavuni, unalisukasuka mpaka injini ikohoe. Na lina kisirani chake: likiamka vibaya, injini huzunguka kinyume kwa mlio uleule, na gia ya mbele hulipeleka nyuma. Ndiyo maana Masizi alichora mstari wa chaki gurudumuni, auangalie kwanza unazungukia upande gani kabla hajagusa gia.

Kisha kaka wa mkewe akarudi na cheti cha mafunzo ya matrekta ya wiki tatu. Bodi ikamwita Mtaalamu, ikampa kazi ya kuliendesha lile kongwe siku ya kufungua ukumbi mpya. Masizi alikitazama cheti mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu mkewe alikuwa amekisimamisha kabatini, mbele ya picha yao ya harusi.

"Unapiga pasi ovaroli ya nani?"

"Ya kaka."

"Miaka ishirini na miwili hujanipigia pasi ovaroli mimi."

"Yako, baba, itachafua pasi."

Siku ikafika. Shemeji alikuwa ameling'arisha gurudumu, mstari wa chaki ukafutika pia. Masizi aliruhusiwa kupasha moto. Shemeji akasukasuka, trekta likakohoa, likanguruma, watu wakapiga makofi. Masizi hakuhitaji chaki. Kulikuwa na kovu la kutu ukingoni mwa gurudumu, nalo lilikuwa linapita kinyume.

Akafungua mdomo.

"Shemeji, sogea kidogo," Mtaalamu akasema kutoka kitini, usukani ukiwa umerudi mahali pake. "Unaingia kwenye picha."

Akafunga mdomo. Akasogea hatua tatu, kwa adabu zote.

Mtaalamu akaweka gia ya mbele, na trekta likarudi nyuma kuelekea jukwaani, polepole kiasi kwamba mwenyekiti wa bodi alimaliza sentensi yake ndipo akashuka. Viti viwili vya mbele havikuwahi kushuka. Masizi alipanda na kukata mafuta, akiwa amechelewa kwa muda ambao yeye peke yake angeweza kuupima.

Nyumbani mkewe alimngoja mezani.

"Uliona linazunguka kinyume?"

"Niliona."

"Kabla hajaweka gia?"

Masizi akaomba chai.

Bodi ilichunguza na kubaini kwamba kosa lilikuwa uzee wa trekta. Halitawashwa tena. Limezungushiwa uzio wa chuma wenye mlango mdogo na kufuli, na Masizi hupangusa yale kumi na tano yaliyobaki. Tangazo bado liko mlangoni, kioo kinang'aa.

Ufunguo wa kufuli anao shemeji.