Ubeti Mmoja wa Mama Mkwe

Jina analo, tena zuri, limeandikwa kwenye kitambulisho chake, lakini siku hizi wanaolitumia ni watu wa benki tu. Wengine wote wanamwita Jaribu. Katika miaka ishirini na mbili ya kufunga vyombo vya muziki kwenye harusi, mahafali na mikutano, hajawahi kushika maikrofoni bila kusema, "Jaribu, jaribu, moja mbili," na akishasema hivyo hata mtaa wa pili wanajua leo kuna shughuli. Mungu alimpa kifua. Akikohoa sebuleni, vikombe vya jikoni vinaitika.

Vyombo vyenyewe si vingi. Ana spika mbili kubwa za kusimama kwenye stendi, spika ndogo ya kulaza jukwaani ili mwimbaji ajisikie mwenyewe, miksa yenye vitufe vingi kuliko vifungo vya kanzu ya bwana arusi, maikrofoni sita na begi la waya. Vyote vinalala sebuleni. Spika zimekaa kando ya kochi zikiwa zimefunikwa shuka, na mgeni asiyejua huzisalimia kwanza. Mkewe, fundi cherehani mwenye sauti ndogo na maneno ya kuhesabu, alizivumilia mwaka wa kwanza kwa kuwa aliambiwa ni za muda. Huu ni mwaka wa kumi na nne.

Kazini mtu huyu hana mzaha. Waya hazikunji kwa kuzizungusha kwenye kiwiko kama wafanyavyo wavivu; anazilaza duara kwa duara, na hamruhusu mtu mwingine azishike. Akiwasha, anaanza na miksa na kumalizia na spika. Akizima, anaanza na spika, la sivyo zinapiga kishindo cha kusimamisha moyo wa mzee aliyesinzia. Ukikosea mpangilio huo mbele yake hatakugombeza, ila hutaitwa tena kusaidia.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kubabaishwa na hayo yote ni mama mkwe wake. Mama huyo alifanya kazi posta, dirisha la vifurushi, na jioni aliongoza kwaya ya mtaa kwa miaka thelathini na mmoja. Aliimba bila maikrofoni. Alisimama mbele, akavuta pumzi, na waliokaa viti vya mwisho waliacha kunong'ona. Mwimbaji anayehitaji umeme, alikuwa akisema, bado hajajifunza kupumua. Jaribu alikuwa akijibu, "Ndiyo, mama," kisha anaendelea na chai yake. Ungemwambia nini mama mkwe?

Miaka miwili iliyopita koo lilimsumbua, akafanyiwa upasuaji. Madaktari waliokoa maisha yake, na sauti ikabaki mnong'ono wenye mikwaruzo. Mwanamke aliyekuwa akinyamazisha ukumbi kwa neno moja sasa alikuwa akipiga makofi ili mjukuu aliye chumba cha pili aje. Aliacha kwenda kwenye kwaya. Wakipita wanakwaya kumjulia hali, aliwakaribisha vizuri, ila wakianza kuzungumzia nyimbo alikumbuka kuna nguo za kuanua. Ilimuuma, na kila mtu nyumbani alijua kuwa inamuuma, na hakuna aliyethubutu kuligusa jambo hilo.

Kisha kwaya ikatimiza miaka arobaini. Kiongozi mpya, kijana mpole aliyefundishwa na mama huyohuyo, akaja kumwomba. Wimbo wa kufungua tamasha ulikuwa ule alioutunga mama mwenyewe, wenye beti nne, na ubeti wa kwanza huimbwa na mtu mmoja peke yake. Je, angeuimba yeye? Mama aliangalia mikono yake.

"Ubeti mmoja tu," alisema mwishowe kwa ule mnong'ono wake. "Nikisikika, nitashukuru. Nisiposikika, msije tena kwangu na habari za kwaya mpaka mnizike."

Kisha akamgeukia mkwe wake, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti na kikombe mkononi.

"Baba, hizo spika zako zinaweza kubeba sauti kama hii?"

Kwa miaka kumi na mitano ya kuwa mkwe, hakuwahi kuombwa kitu na mama yule, hata kubadilisha balbu. "Zinaweza, mama," alijibu, na chai ikampalia.

Tamasha lilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Jaribu alifika ukumbini saa moja asubuhi. Ulikuwa ukumbi wa mtaa, kuta tupu, paa la bati, jukwaa la saruji na viti vya plastiki mia tatu vilivyopangwa na mtu aliyekuwa na haraka. Ukumbi wa namna hiyo hupenda kurudisha kila unachouambia. Mkewe alikuja naye, akamshika mkono kabla hajaanza.

"Mama usimchoshe leo," alisema. "Daktari amemwambia maneno yake ayahesabu. Hayo majaribio yako yafanye mwenyewe."

Ushauri ulikuwa wa upendo, na Jaribu aliupokea kwa upendo. Akasimamisha spika mbili pembeni mwa jukwaa, moja kila upande. Akalaza ile ndogo mbele ya mahali atakaposimama mama. Akapanga maikrofoni moja katikati na nne za kwaya nyuma, akavuta waya kando ya ukuta, akazibandika kwa utepe mweusi ili mtu asijikwae. Akawasha miksa, kisha spika. Halafu akapanda jukwaani na kufanya kile alichokifanya kwa miaka ishirini na mbili.

"Jaribu, jaribu. Moja mbili."

Ilikuwa tamu. Alipunguza besi kidogo, akajaribu tena. Akamtuma mkewe akae kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, na mkewe akainua kidole gumba. Kufikia saa sita sauti ilikuwa safi pembe zote nne za ukumbi. Jaribu alikaa juu ya sanduku la spika akala mkate wake, kichwa kimevimba kidogo, tusifiche.

Mama aliingia saa nane na nusu, amevaa sare ya kwaya iliyokuwa imekaa kabatini miaka miwili. Watu wachache walikuwa wameanza kuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nisimame wapi?"

Akamwelekeza. Mama akaikaribia maikrofoni na kusema maneno matatu ya wimbo wake. Hayakutoka. Yaani midomo ilicheza, na kiongozi wa kwaya aliyekuwa hatua nne tu kutoka kwake akatega sikio kama mtu anayesubiri simu ipokelewe. Jaribu akakimbilia miksa na kuongeza. Mama akarudia. Kikasikika kitu kidogo, kama karatasi inayokunjwa. Akaongeza tena, na hapo spika zikapiga yowe, yowe kali la kupasua masikio, likagonga bati na kurudi. Watu waliziba masikio. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Mama alirudi nyuma kutoka kwenye maikrofoni taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Jaribu zaidi.

"Nilijua," alisema. "Asante kwa kujaribu, baba." Akashuka, akaingia chumba cha nyuma ya jukwaa wanakobadilishia nguo, akafunga mlango.

Jaribu alisimama na mkono juu ya miksa, na akaona kosa lake lote kwa mara moja. Tangu asubuhi alikuwa ameupima ukumbi kwa kifua chake mwenyewe. Sauti yake ingefika kiti cha mwisho hata kama maikrofoni ingekuwa mwiko wa jikoni. Ili kuusikia mnong'ono wa mama, maikrofoni ilibidi ifunguliwe wazi kabisa, na maikrofoni iliyo wazi hivyo husikia kila kitu: husikia spika zilizo pembeni yake, nazo spika huirudishia ilichosikia, inasikia tena, mpaka vyote viwili vinapiga kelele pamoja. Alikuwa amefunga vyombo kwa ajili ya Jaribu. Mwimbaji alikuwa mtu mwingine.

Mkewe alikuja mbio kutoka nyuma. "Tufanyeje?"

"Tunaanza upya," alisema. "Nusu saa inatosha." Haikutosha, na wote wawili walijua.

Alizima spika kwanza, hata katika hali ile. Akazibeba na stendi zake, moja baada ya nyingine, akazishusha na kuzipeleka mbele mpaka usawa wa safu ya pili ya viti, mbali na jukwaa, akazielekeza kwa watu ili ziipe maikrofoni mgongo. Akaziinua juu ya vichwa. Waliokuwa wameketi walisogea bila kunung'unika, mzee mmoja akamshikia stendi. Ile spika ndogo ya jukwaani akaizima na kuigeuzia ukutani, maana mama huyo hakuwahi kuhitaji kujisikia. Maikrofoni nne za kwaya akazifunga zote. Zingefunguliwa ubeti wa kwanza ukiisha, kwa kuwa kila maikrofoni iliyo wazi ni sikio jingine la kuiba sauti. Akawasha tena. Akaongeza ya katikati mpaka yowe likaanza kuchungulia, akatafuta kwenye miksa ni kitufe gani kinalilea, akakipunguza. Akaongeza tena kidogo. Kimya. Akaongeza tena.

Sasa ilibaki kujaribu. Midomo yake ilikuwa tayari imefunguka alipojikamata.

"Mama watoto," aliita, "panda jukwaani. Sema wewe."

"Mimi? Niseme nini?"

"Lolote. Midomo ikaribie kugusa chuma. Usipaze sauti hata kidogo. Sema kama unaniambia siri."

Mke wa Jaribu hakuwahi kupanda jukwaa lolote maishani mwake. Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Alisimama, akaiinamia maikrofoni, akafumba macho, na kwa mnong'ono mdogo kabisa alioweza kuutoa akasema neno la kwanza lililomjia:

"Hivi hizi spika zitatoka lini sebuleni kwangu?"

Lilifika kiti cha mwisho. Lilifika mlangoni, kwa muuza maji aliyekuwa nje. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, mwanamke mmoja wa safu ya tano akajibu kwa niaba ya wake wote, "Muulize tena, dada," na mke wa Jaribu akafunika uso kwa mikono miwili. Jaribu hakucheka. Alikuwa anaangalia vitaa vya miksa, na vitaa vilikuwa vya kijani vyote, na hakuna yowe.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama alisimama hapo na leso mkononi, akamtazama binti yake, akazitazama spika mahali pake papya.

"Huyu nilimlea mimi," alimwambia kiongozi wa kwaya. "Hata alipokuwa anaita maji chumbani, nilikuwa simsikii mpaka niende. Kama yeye amesikika, hebu nisimame."

Saa tisa na dakika kumi taa za ukumbi zilipunguzwa. Wanakwaya thelathini walisimama nyuma kimya, maikrofoni zao zimefungwa. Mama alisogea katikati. Jaribu alikuwa ameshika kitufe chake kwa kidole kimoja, roho iko mkononi. Kabla ya neno la kwanza, mama alivuta pumzi, na ukumbi ukaisikia ile pumzi ikiingia, na watu mia tatu wakanyamaza kwa mara moja kama walivyokuwa wakinyamaza zamani.

Akaimba. Haikuwa sauti ile ya zamani, na asikudanganye mtu. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, ikikatika mwisho wa mistari. Lakini kila neno lilikuwa limekaa mahali pake, na kila mtu alihisi anaimbiwa yeye, sikioni, na mtu anayemfahamu. Jaribu aliondoa kidole kwenye kitufe. Hapakuwa na cha kurekebisha. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakujisumbua kuyafuta.

Ubeti ukaisha. Kiongozi wa kwaya akapiga hatua mbele kuupokea wimbo, kama walivyokubaliana. Mama akamwinulia mkono bila kumtazama, kiganja wazi. Kijana akarudi mahali pake. Mama akavuta pumzi tena na kuingia ubeti wa pili, na Jaribu, akiruka nusura amwangushe mzee wa stendi, akafungua maikrofoni za kwaya moja baada ya nyingine, polepole, mpaka sauti thelathini zikapanda chini ya ile moja na kuinyanyua bila kuifunika. Ubeti wa tatu ukumbi ulikuwa umesimama. Wa nne waliuimba wote, walioujua na wasioujua, na bado mnong'ono wa mama ulikuwa juu yao, unasikika.

Tamasha lilipokwisha na watu kupungua, Jaribu alizima spika, kisha miksa, akapiga magoti sakafuni kukunja waya. Mama alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu naye. Mkewe alimletea maji ya uvuguvugu na kumpapasa mgongo.

"Mama, koo linauma?"

"Linauma sana," alisema mama, uso wake wote uking'aa. Akanywa funda mbili, akamtazama mkwe wake pale chini.

"Baba, kwaya inafanya mazoezi kila Jumamosi saa tisa. Jumamosi ijayo una kazi?"

"Sina, mama."

"Sasa unayo."