Kadi Zilizokosa Bibi Harusi

Nyie mtakaosoma haya na kompyuta mapajani, kaeni vizuri. Nakumbuka asubuhi moja Dongobesh, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, binti yangu Paskalina akichapa kadi za harusi ya mdogo wake Magdalena. Mjomba wao wa Masakta alikuja kuzichukua aondoke nazo, maana wazee wa kule hawaji harusini bila kadi mkononi. Nje basi lilikuwa limeshawasha injini.

Paskalina alikuwa ameiandikia kompyuta msururu wa amri, wenyewe mnaita skripti. Mwanzoni aliiambia: neno BIBI kwenye kadi maana yake ni Magdalena. Halafu amri zile zikabadilisha mtumiaji, yaani jina la anayeitumia kompyuta, kwa sababu printa ilimtii mtumiaji mmoja tu, aliyepewa jina Chapa. Kadi zikatoka, nzuri, zinang'aa.

Mjomba akainua moja akasoma: "Mnakaribishwa kwenye harusi ya Yohana na..." Akaigeuza nyuma. "Na nani? Paskalina, huyu kijana anaoa upepo?"

"Shikamoo mjomba, subiri kwanza!"

"Marahaba ya nini? Basi linaondoka! Watu nikawaambie nini? Waje wamwone bwana harusi kasimama peke yake?"

Wanangu, hata mimi na ukali wangu nilicheka mpaka nikashika ukuta. Paskalina hakucheka. Akasoma amri zake mstari kwa mstari, kisha akapiga kofi mezani.

"Mama, BIBI ni nani nilimwambia mtumiaji wa kwanza! Huyu Chapa ameingia kama mgeni, hajaambiwa kitu."

Akaandika jina upya palepale kwenye mstari unaomwita Chapa, ili aingie nalo. Kadi zikatoka na Magdalena wake. Mjomba akatimua mbio nazo, kofia mkononi, akimpigia konda kelele, akapanda. Siku ya harusi Masakta nzima ilikuja, tukacheza mpaka vumbi likapanda juu ya paa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukibadilisha mtumiaji, usidhani wa pili anajua ulichomwambia wa kwanza. Mkabidhi waziwazi, kwenye mstari uleule unaomwita. Mungu aibariki mikono yenu, kazi zenu zitoke bila pengo.

Nami nyumbani kwangu nikaamuru: kadi ichapwe moja tu kwanza, isomwe kwa sauti, ndipo nyingine zifuate.