Alivyomzoesha Radi, akampoteza Komredi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelalia mabati ya Iyunga, jijini Mbeya, na Isaka Kalinga anahangaika kufunga kamba shingoni mwa mbwa ambaye hataki kusimama. Mbwa anaruka, anamkanyaga vidole vya miguu, anamlamba kidevu. Isaka hasemi neno. Anasubiri.

"Nikimfokea ataona na mimi nacheza," anasema bila kugeuka. "Huyu ukitaka atulie, tulia wewe kwanza."

Inapita dakika nzima. Mbwa anaketi. Hapo ndipo Isaka anamtilia dagaa mmoja mdomoni, anafungua geti, na wawili hao wanashika njia ya kuelekea uwanja wa mpira ulio ng'ambo ya reli. Juu ya ukuta paka mwenye madoa anawatazama wakipita chini yake, kisha anaendelea kujilamba.

Miezi saba iliyopita paka huyo asingethubutu kukaa pale. Aliyemfikisha hapo ni Isaka, na ndiyo kazi anayosifiwa mtaani. Yeye mwenyewe akiizungumzia, uso hukunjamana kama mtu aliyemeza shubiri.

Isaka ana miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Kalenga, Iringa. Kwa jina ni mtunza bustani. Kwa kweli anatunza kila kinachopumua uani kwa Bupe Mwasomola, mfanyabiashara anayenunua mchele Chimala na kuuhifadhi kwenye stoo nyuma ya nyumba yake. Analipwa laki moja na nusu kwa mwezi, pamoja na chumba cha uani.

Hakufika pale peke yake. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa shamba la miti ya mbao Mufindi kwa miaka kumi na minne, akifanya kazi na mbwa. Walipopunguzwa wafanyakazi, aliondoka na begi moja na mbwa mmoja wa rangi ya udongo, mwenye sikio la kushoto lililochanika. Alimwita Komredi.

"Mama Bupe aliniuliza, 'Na huyo?' Nikamwambia, huyu ni mwenzangu wa kazi. Akacheka. Akasema basi nimeajiri wawili kwa mshahara mmoja."

Walikaa hivyo miaka saba. Komredi alilala mlangoni mwa stoo, akazeeka hapo, jicho moja likaingia ukungu. Paka alikuja mwenyewe siku ya mvua, akapitiliza mpaka jikoni bila hodi, na kwa tabia hiyo akapewa jina la Shemeji. Majirani walimzoea Isaka na wanyama wake, ingawa utani haukukosekana. Kwamba watu wa Iringa hula mbwa ni utani wa zamani, na watu wa Mbeya, wanaowaita Wanyalukolo, hawauachi.

"Kila Desemba wananiuliza, 'Mnyalukolo, huyo si kashanona? Krismasi utatualika lini?' Nawajibu, njooni na sufuria zenu." Anatabasamu kidogo. "Utani haukuwahi kuniuma. Kilichoniuma kilitoka ndani ya geti."

Oktoba mwaka jana wezi walikata bati la stoo na kuondoka na magunia tisa. Komredi alibweka, lakini alibwekea upande usio wao. Wiki iliyofuata Bupe alishusha kwenye gari boksi lenye matundu. Ndani yake mlikuwa na mbwa mdogo wa miezi mitatu, mweusi mgongoni, masikio makubwa kuliko kichwa, aliyenunuliwa Arusha kwa laki tano. Walimwita Radi.

"Nilimpigia mke wangu simu Mlandege, Iringa. Nikamwambia, Rozalia, leo nimepata bosi mdogo. Amenunuliwa kwa mishahara yangu ya miezi mitatu, na chenji hairudi."

Radi alistahili jina lake. Katika saa yake ya kwanza alimwaga maji ya kuku, akang'oa miche ya spinachi mstari mzima, akamrukia Komredi usoni, kisha akamkimbiza Shemeji mpaka juu ya paa. Paka hakushuka siku mbili. Komredi aliacha kula.

Bupe alisema neno moja kabla ya kwenda dukani: "Mzee Isaka, wazoeane."

Wengi, anasema Isaka, wangewafungulia wote uani wamalizane. Yeye alifanya kinyume. Alimfungia Radi kwenye banda la zamani la kuku lililokuwa tupu, asionane na yeyote. Alichukua gunia alilolalia Komredi akampelekea Radi, na la Radi akampelekea Komredi.

"Mbwa anamjua mtu kwa pua kabla ya macho. Nilitaka wasalimiane kwa harufu kwanza, kama watu wanaoandikiana barua."

Siku ya nne alianza kuwalisha pande mbili za mlango mmoja wa mbao, bakuli zikiwa mbali na mlango, kisha kila siku akizisogeza kidogo, mpaka wakawa wanakula pua zao zikitenganishwa na ubao tu. Baada ya hapo akawatoa nje, kwenye uwanja wa ng'ambo ya reli.

"Uani ni kwa Komredi. Mgeni akiingia pale anaingia ugomvini. Uwanjani hakuna mwenyeji. Niliwatembeza pamoja, mmoja huku, mwingine huku, mimi katikati kama mshenga."

Kila asubuhi alimkimbiza Radi kwanza mpaka ulimi uning'inie, ndipo akamkutanisha na wenzake. Mtoto aliyechoka, anasema, anasikia. Radi alipozidi kumng'ata Komredi masikio, mbwa huyo mzee alinguruma na kumwonyesha meno. Bupe alipoona hivyo dirishani alitoka na fimbo.

"Nilimzuia. Nikamwambia, mama, mkubwa akinguruma usimpige. Anafundisha adabu. Ukimpiga leo kwa kunguruma, kesho hatanguruma tena, atauma moja kwa moja."

Kwa Shemeji kazi ilikuwa ndefu zaidi. Isaka alipigilia ubao juu ya ukuta, akawa anamwekea chakula huko, mahali ambapo mbwa hafiki. Radi alikuwa chini, kamba mkononi mwa Isaka. Kila alipomtazama paka kisha akageuza uso kumtazama Isaka, alipata dagaa. Akivuta kamba, walirudi nyuma hatua kumi na kuanza upya. Siku moja kamba ilimponyoka, na Radi alirudi akilia, pua imechanwa mistari mitatu.

"Hapo Shemeji alinisaidia. Somo moja la paka ni sawa na wiki yangu nzima."

Wiki ya sita ilipokwisha, Isaka alitoka chumbani mwake asubuhi akawakuta wote watatu mlangoni mwa stoo. Radi alikuwa amelala, kichwa juu ya mgongo wa Komredi. Shemeji alikuwa amejikunja kwenye jua, hatua mbili kutoka kwao. Komredi alianza kula tena, na hata kukimbia kidogo, ingawa alikimbia upandeupande.

"Sijasoma mimi, niliishia darasa la saba. Lakini siku ile nilijiona fundi."

Tumefika uwanjani, na Radi anavuta kamba kumwelekea mwanamke aliyebeba ndoo. Isaka anaizungusha kamba mkononi mara mbili.

Katikati ya Desemba dada yake mkubwa alifariki dunia Kalenga. Bupe alimpa ruhusa ya siku nane, nauli, na mchele wa msibani. Isaka anasisitiza liandikwe hilo. "Si mtu mbaya. Ndiyo maana inaniuma zaidi."

Alirudi siku ya Jumatatu mchana. Alisikia kilio cha Radi kabla hajafika getini. Mbwa huyo alikuwa amefungwa kwa mnyororo mlangoni mwa stoo, peke yake.

"Nikamwita Komredi. Kimya. Nikazunguka nyuma. Nikadhani labda kafia mahali, maana alikuwa mzee. Mama Bupe akatoka. Nikamsalimia, akaniuliza habari za msiba, nikamjibu. Kisha nikamuuliza, mama, Komredi yuko wapi?"

"Tumempumzisha," Bupe alimjibu. "Bwana mifugo alikuja Alhamisi akamchoma sindano. Hakuteseka."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa anamharibu mwenzake."

Gazeti hili lilimtembelea Bupe kwenye duka lake la mchele. Hakukwepa swali. Alisogeza kiti, akaagiza chai, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijibu jambo hilo moyoni.

"Mimi nilinunua mlinzi. Nikapata mbwa anayemlalia babu yake mgongoni," alisema. "Wageni wanaingia, anatikisa mkia. Mafundi wanaingia, anatikisa mkia. Nikauliza watu, wakaniambia anaiga yule mzee. Ukimwondoa mzee, kijana atashika kazi. Ningefanyaje? Niibiwe tena?"

Kwa nini hakumsubiri Isaka arudi, amchukue mbwa wake?

Bupe aliangalia chai yake. "Mbwa wake? Miaka saba alikula kwangu." Kisha akaongeza, taratibu, "Na ningemsubiri, nisingeweza."

Jibu hilo Isaka alilipata siku ileile ya kurudi, kwa maneno mengine. Lakini lililomchoma si suala la mbwa ni wa nani. Ni kwamba kosa la Komredi lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyemlaza Radi pale mgongoni. Kwa dagaa, kwa magunia, wiki sita. Ningeifanya kazi vibaya, wangeendelea kungurumiana, mzee angekuwa hai mpaka leo. Niliifanya vizuri mno."

Aliuliza walikompeleka. Kijana wa guta aliyelipwa kuubeba mzigo huo alimwelekeza kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Isaka alikwenda akiwa bado na nguo za msibani. Alifukua takataka na maganda ya mahindi mpaka akaliona sikio lililochanika.

Aliazima jembe nyumba ya jirani na mashimo. Mwenye jembe alimuuliza anazika nini.

"Niliona aibu kusema mbwa. Mtu mzima, nimetoka kuzika dada yangu, nikalie mbwa? Nikasema mbuzi kafa kwa ugonjwa, namfukia watu wasimle. Akanipa pole ya mbuzi. Nikaipokea."

Radi hakula siku tatu. Alilia mchana kutwa, akichimba mlangoni mwa stoo mahali alipokuwa akilala mwenzake. Siku ya nne Bupe alimwita Isaka. "Si ulisema mbwa unawajua? Mtulize basi." Naye alimrudisha Radi kwenye banda, akakaa chini na bakuli, akaanza kumlisha kwa mkono.

Alichotaka Bupe kilitimia, na kikapitiliza. Radi alipoanza kula alikuwa mbwa mwingine. Anambwekea kila mtu, hata wa nyumbani, isipokuwa Isaka. Mwezi Machi alikata mnyororo na kumuuma pajani Tumpe, mama anayeleta maziwa, ambaye alilazimika kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa mara kadhaa na mpaka sasa maziwa anayaacha nje ya geti. Kiumbe mwingine pekee ambaye Radi hamgusi ni Shemeji. Hilo somo hakulisahau.

"Tumpe alipoumwa, mama aliniambia nimrudishe mbwa awe kama zamani," anasema Isaka. "Neno lilinifika hapa." Anagusa koo. "Nilitaka kumwambia, aliyekuwa akimtuliza mlimtupa shimoni. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa bado siku kumi. Nikasema, sawa mama."

Hicho ndicho anachojilaumia zaidi sasa, kuliko safari ya msibani: kwamba alisema sawa. Kwamba miezi mitano imepita na bado kila asubuhi anafungua geti lilelile na kupokea mshahara uleule. Mkewe alimwambia aondoke siku ya kwanza. Watoto wake wawili wako sekondari, alimjibu, na hasira hailipi michango ya shule.

Lakini mwezi huu wa Mei amemwambia Bupe kwamba mwisho wa Juni anarudi Iringa. Bupe aliahidi kumwongezea elfu thelathini ili abaki. Alikataa, na anasema ni mara ya kwanza maishani mwake kukataa pesa.

Rozalia amekwisha kuongea na wanandugu Kalenga wakawapa kipande cha ardhi. Isaka atajenga mabanda matatu ya miti. Anataka watu wa Iringa mjini wenye mbwa wadogo wasioshikika wamletee, au wamwite majumbani kwao, awazoeshe na paka, kuku na mbwa waliowatangulia. Habari zake zimetembea kwa simu, na watu watatu wamekwisha kumpigia.

Wote aliwapa sharti moja kabla ya kutaja bei. Aliwaambia hatamgusa mtoto wa mbwa mpaka mwenye nyumba amweleze atamfanya nini yule mzee aliyepo, mdogo akishazoea.

"Wa kwanza alicheka akakata simu. Wa pili alisema atanipigia, hajapiga. Wa tatu ni mwalimu wa Mlandege, anaitwa Eveline. Ana paka wawili na mbwa wa miaka kumi na moja asiyesikia. Alisema, 'Baba, huyu atakufa kwa uzee wake, hapa hapa kwenye baraza langu. Nikuandikie?'"

Isaka anamkuna Radi nyuma ya sikio na kumgeuza kuelekea nyumbani.

"Nimemwambia aandike. Na atie sahihi. Julai naanza na huyo."