Daraja Lisilo na Maji

Mtaa wetu wa Isohama una daraja lisilo na maji. Wapangaji wa mnara mpya wa ghorofa hulipiga picha na kucheka, nami huwaacha wacheke, maana ujinga hauna dawa ya dukani. Mfereji uliopita chini yake ulifukiwa kwa vifusi vya nyumba zetu wenyewe zilizoungua vitani, na ndiyo sababu barabara yetu, inayofuata mkondo wake, imepinda hadi leo. Zimebaki kingo mbili za mawe, na sasa zimo ndani ya uwanja wa mnara.

Bi Tomi, mchomaji wa biskuti za mchele, alizaliwa ubavuni mwa daraja hilo. Usiku wa mabomu ya moto mama yake alimteremsha, angali mtoto mchanga, kwenye boti ya jirani. Boti ikajaa, mama akabaki juu. Hakikupatikana hata kifungo cha nguo yake. Tangu hapo, kila Mei, kihekalu cha mungu wa mtaa kinapotembezwa mabegani, husimama darajani na kuinuliwa mara tatu kwa ajili ya waliokosa makaburi.

Mwaka huu mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hatori, alimjia na kofia mkononi. Nilikuwepo, natafuna biskuti. Bi Tomi alikuwa ghorofani, juu ya duka lake, kwani alivunjika nyonga wakati wa baridi na ngazi zikamshinda.

"Dada Tomi, wenye mnara wamekataa tupite uwanjani mwao. Kihekalu kitapita barabara kuu. Mwaka huu tu."

"Mwaka huu tu! Ndivyo ulivyosema lilipong'oka jino lako la kwanza. Sasa umebaki na mangapi?"

"Wana mawakili, dada."

"Mimi nina mama."

Hatori akainamia mkeka, kisha akaropoka: "Lakini wewe si uko juu? Kikipita utafunga dirisha tu. Kipite huku, kipite kule, kwako kuna tofauti gani?"

Hapo aliharibu. Kwetu mungu hatazamwi kutoka juu. Kihekalu kikipita, madirisha ya ghorofani hufungwa, awe ndani mgonjwa au mfalme. Lakini kumwambia mwanamke yule ajifungie wakati mama yake anarukwa ni kumwaga mafuta motoni.

"Toka," alisema, bila kupaza sauti. Akanigeukia. "Wewe fundi baiskeli, mgongo wako bado mzima?"

Siku ya sherehe nilimbeba. Mwili mwepesi, mdomo mzito: njia nzima alinisimanga kwamba natembea kama ng'ombe mwenye mimba. Nikamketisha kwenye kigoda katikati ya daraja, na koti lake la bluu la sherehe za mtaa. Mlinzi wa mnara akaja mbio.

"Bibi, hapa ni mali ya watu."

"Na waliofia hapa ni mali ya nani?"

"Nitaita polisi!"

"Waite. Waambie waje na mto wa kukalia, kigoda kigumu."

Nilicheka. Mara kihekalu kikatokea kwenye njia panda, Hatori mbele akikiongoza kwa upepeo wa mkononi. Alipomwona Bi Tomi akaganda, na wabebaji wote nyuma yake wakasimama.

"Hatori!" Bi Tomi alipiga ukelele. "Ile boti ilikuwa ya baba yako! Yeye aliigeuza katikati ya moto, wewe unashindwa kugeuza kona?"

Upepeo ukaelekea kulia, darajani.

Juu kwenye roshani za mnara watu walikuwa wameinama na simu zao. "Shukeni nyie!" Bi Tomi akawafokea. "Mungu hatazamwi utosini!" Wengine walishuka na ndala. Wengine walifunga madirisha. Waliobaki niliwasonya. Kihekalu kikainuliwa mara tatu mbele yake, kengele zikilia, na mlinzi akavua kofia. Bi Tomi hakulia. Mimi nililia, wala sioni haya.

Tulipofika dukani niliinama chini ya ngazi ili nimpandishe.

"Unanipeleka wapi?"

"Juu, ukapumzike."

"Sipandi tena. Lishushe godoro langu. Mwakani nitakwenda mwenyewe, hata kwa kutambaa."

Godoro lipo mpaka leo, kati ya jiko na mapipa ya biskuti, na wateja tunalizunguka.