Kitambaa Juu ya Mlango wa Wifi

Jumamosi, 10 Novemba 1956. Mvua ya vuli imepiga tangu alfajiri, ikakatika karibu na adhuhuri, na jua lililofuata likawa la mvuke, kuta zote zinatoka jasho.

Naandika na uso wangu bado una moto. Shule nilikwenda miaka minne tu, na kalamu yangu hupenda kunitetea mimi mwenyewe. Nitajaribu kuizuia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yuko kwetu tangu mwezi wa Agosti. Aliachwa na mumewe huko Pemba kwenye mashamba ya karafuu, akashuka Tanga na sanduku na mkeka wake. Wazazi wao hawapo tena. Kwao Mkwaja imebaki nyumba ya shangazi yao, mzee asiyeona, ambaye mwenyewe analishwa na majirani. Akiondoka hapa kwetu, basi, hana pa kwenda pa maana. Hilo nilikuwa nikilijua siku zote, na silisemi leo ili nionekane mwema.

Sasa habari ya kitambaa. Pale welfea, kituo cha ustawi wa jamii, kuna bibi wa Kizungu anayetufundisha akina mama kutarizi na Kiingereza kidogo. Anarudi kwao kwa likizo mwezi ujao, akatuandikia maneno mafupi kwenye karatasi, kila mmoja achague ya kutarizi. Mimi nilichagua "Fare thee well". Sikuyachagua kwa maana yake ya kuaga. Niliyachagua kwa sababu yalikuwa machache na uzi wangu ulikuwa mchache.

Mwenzetu mmoja aliuliza hilo neno la katikati ni nini, maana sisi tulifundishwa "you". Bibi akatueleza kwamba zamani Waingereza walikuwa na maneno mawili ya kumwita mtu. Moja la watu wengi, na la mkubwa anayeheshimiwa. Jingine, hili "thee" na ndugu yake "thou", la mtu mmoja, aliye karibu nawe au aliye chini yako. Kidogo kidogo watu wakaona haya kumwita mtu kwa lile dogo, kila mtu akapewa la heshima, hata mtoto, hata mbwa. Lile dogo likafa midomoni. Limebaki kwenye sala zao na katika misemo michache ambayo watu huisema bila kufikiri.

"Kwa hiyo Mungu wao wanamwita wewe kavukavu," akasema mke wa fundi cherehani, "na mbwa wanampa la Gavana!"

Tulicheka mpaka bibi mwenyewe akawa mwekundu. Akatupa mfano mwingine, "holier than thou", wanavyomwita mtu anayejiona msafi kuliko wewe.

"Huyo tunaye mtaani," akasema yule yule. "Tena ana tasbihi mbili."

Kitambaa changu hakikuchaguliwa kuwa zawadi ya bibi, herufi zangu zilipanda mlima. Nikaja nacho nyumbani. Nilikuwa nimekitokea jasho, nikataka kionekane. Ukutani mwa ukumbi wetu kuna msumari mmoja, nao uko juu ya mlango wa chumba anacholala wifi. Nikakitundika hapo. Kalamu yangu inasema: msumari ulikuwa hapo hapo. Ni kweli. Lakini nyundo ninayo, na misumari inauzwa dukani kwa Mhindi.

Jana jioni mume wangu alirudi kutoka karakana ya reli, akakiona, akasimama mikono kiunoni.

"Hiki Kiingereza cha wapi? Mimi na Wazungu wa reli miaka yote, 'thee' sijapata kuisikia."

Hapo ndipo nilipojiona mtu. Mume wangu ndiye msomi wa nyumba, na mimi nikawa na jambo asilolijua. Nikamweleza lote kwa sauti ya mwalimu: neno la kale, limekufa, limebaki katika misemo. Maana yake, nikasema, ni kumuaga mtu, uende salama wewe, wewe mmoja, uliye karibu nami. Wifi alikuwa amekaa mkekani anasuka ukili wa mikeka. Hakuinua kichwa.

"Linamwambia nani?" akauliza.

"Halimwambii mtu, wifi. Ni maneno tu."

"Aa," akasema, akaendelea kusuka.

Mtu wa mbali huenda asione ubaya ulipo. Lakini sisi ni watu wa kanga. Kwetu nguo yenye maneno haijapata kuwa pambo. Mwanamke akiwa na neno na jirani yake haendi kugombana, ananunua kanga yenye neno hilo, anajifunga, anapita mbele ya mlango. Mwenzake naye anakwenda dukani kutafuta ya kumjibu. Mwezi uliopita mimi na wifi tulikaa dirishani tukiwatazama wawili wa mtaa wa nyuma wakijibizana hivyo wiki nzima, tukafurahi kama watoto. Na mimi, ninayeyajua yote hayo, nilitundika nguo inayomuaga mtu juu ya kichwa cha mgeni wangu, kisha nikamfasiria kwa ufasaha.

Leo asubuhi, mume wangu keshaondoka kwenda kazini, nilitoka uani nikamkuta wifi ukumbini amevaa buibui. Sanduku lilikuwa limefungwa kamba, mkeka umeviringwa. Mvua inanyesha.

"Wifi, kulikoni?"

"Naenda Mkwaja."

"Kwa barabara hii? Gari litakwama!"

"Likikwama nitateremka nitembee. Nguo imesema, na mimi si kiziwi."

"Ile ni Kiingereza tu, wifi yangu."

"Kwani Kiingereza hakina mdomo?"

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mtu mzima aliyetuzalisha sote mtaani, alikuwa keshafika mlangoni na kawa la kufunikia chakula kichwani kama mwavuli. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba huku macho yake yako ndani, juu ya mlango wa wifi.

"Mwanangu," akaniambia, "ungekitundika hata jikoni. Huko angeagwa paka."

Nyuma yake wanawake wengine wawili wakacheka, wakajiziba kwa kanga. Nilitamani sakafu inimeze.

Wifi hakucheka. Akanitazama usoni. "Basi apa. Apa mbele ya bibi huyu kwamba hukutaka niondoke. Ukiapa, nafungua kamba."

Kuapa kulikuwa rahisi. Wote walikuwa wakiningojea niape, nadhani hata yeye. Lakini ukuta wetu ni mwembamba, na wiki ile nyingine nilimwuliza mume wangu kitandani, dada yako atakaa mpaka lini, ukili umejaa nyumba nzima, makaa hayadumu. Sijui kama wifi alisikia. Sikuthubutu kuapa uongo mbele ya mtu ambaye labda alisikia, wala sitajisifu kwamba ni uchaji. Nusu ilikuwa woga.

Nikasema, na sauti yangu ilitoka mbaya, "Siwezi kuapa kwamba sijapata kutaka. Nilitaka, siku moja moja, nikichoka. Naweza kuapa kwamba kitambaa sikukitarizi kwa ajili yako. Na leo sitaki uende. Usiende, wifi."

Bibi jirani akasema, "Makubwa!" Mmoja wa wale wawili akasema si kwa chini, "Anasema mwenyewe kwa kinywa chake!" Habari hii imeshafika mpaka mtaa wa Chumbageni saa hii, sina shaka.

Wifi akakaa juu ya sanduku. Akapangusa uso kwa pindo la buibui.

"Nilisikia," akasema. "Ukuta ule hausitiri hata kikohozi. Nikajisemea, atakuja kuniambia. Ukaja kuniambia kwa Kizungu."



"Ukichoka niambie," akasema. "Niambie mimi, siyo ndugu yangu, wala siyo ukuta. Nami nikichoka nawe nitakwambia. Usifikiri sichoki."

Nikaitikia ndiyo kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nikapanda kigoda nikakitungua kitambaa, wale wanawake wakiniangalia mpaka nilipokikunja.

Kamba ya sanduku hakuifungua mchana kutwa. Mume wangu aliporudi aliiona, akatutazama mmoja mmoja, akaenda kuoga bila kuuliza. Lakini jua lilipoanza kulala wifi alivua buibui, akasema nimpe mbuzi ya kukunia na nazi, maana mimi, kwa maneno yake, nakuna kama ninayembembeleza mtu.

Tumekula bada, ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi, na kipande cha papa mkavu wa kuchoma. Mume wangu alikula barazani. Mimi na wifi tulikula jikoni, sahani moja, naye alinisogezea papa upande wangu bila kunitazama.