Jipu Iliyojua Kushuka

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu: mvua ndogo ya asubuhi hapa Bukavu, Wabeleji wangali wanatawala, na mimi nasimama katikati ya gari mbili kama mutu anayechagua bibi. Na kweli, bibi alikuwa ndani ya mambo yale. Ngoja nieleze.

Baba mukubwa wangu, Papa Murhula, alikuwa fundi wa kushona. Alinunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, kwa mukoloni mumoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na pazia madirishani na kitanda cha kukunja. Mama mukubwa, bibi yake, aliipenda hata akataka kupikia ndani, tukamukataza. Mawazo ya Papa Murhula yalikuwa kupakia mashini zake mule, tuzunguke masoko mpaka Bunyakiri, tushonee watu palepale. Lakini karavani haina mota. Inataka gari ya kuivuta, na barabara zetu unazijua: matope, na mulima juu ya mulima. Tulihitaji gari inayosukuma kwa magurudumu yote nne.

Feza itoke wapi? Kwa ngombe. Marehemu baba yangu aliniachia ngombe za kuolea, na nilikuwa nimeshamuposa Nsimire wa Luhwindja, kule juu milimani. Baba yake alisema atangoja mpaka maharagi yavunwe. Baada ya pale, kulikuwa nyumba ingine iliyomutaka, yenye ngombe tayari. Papa Murhula hakunificha kitu. Aliniambia ngombe ni zangu na muendeshaji ni mimi, basi nichague mwenyewe. Nikikosea nitazeeka bila bibi.

Zote mbili zilisukuma kwa magurudumu nne. Gari ya kwanza ilikuwa bluu, ndefu, mota yake inanguruma kama ngoma ya sikukuu. Ya pili ilikuwa jipu ya zamani ya jeshi, paa la turubai, mulango umoja umefungwa na kamba. Bluu ingemeza ngombe zote. Jipu ingeniachia kidogo. Lakini kijana ni macho, mwanangu. Nikasema, “Papa, hii ya bluu iko na nguvu. Itapanda.”

Papa Murhula alicheka, na kicheko chake kilichoma kuliko fimbo.

“Weye Mushi, mutoto wa kabila la ngombe,” akasema, “ulishaona wapi wazee wanapokea ngombe ya mahari imesimama tu? Wanaitembeza. Wanaipeleka mutoni, wanaitazama ikishuka. Muguu mubaya unajificha kwa kupanda. Kwa kushuka haupate pa kujificha. Funga karavani nyuma, tia mashini zote ndani. Nione inashuka.”

Mwenye bluu alinung’unika, lakini alikubali. Tukapanda njia ya Bagira, na ilipanda vizuri, hata nikapiga muluzi. Tulipoanza kushuka, karavani ikatusukuma. Gari ikakaa matako chini, pua juu, usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kama kibuyu kitupu, na kule nyuma mukia unayumba huku na huku. Niliiingiza kwa udongo wa kando, polepole, ikasimama. Papa Murhula alikuwa pembeni yangu, kofia ameishika na mikono miwili.

“Hapa sasa,” akauliza, “nani anavuta nani?”

Tukafunga jipu. Eh, ilipanda kama muzee anaenda misa! Wamama wenye vikapu vya ndizi mgongoni walitupita, mumoja akauliza, “Papa, tuwasaidie kubeba?” Lakini kwa kushuka nikatia vitesi ndogo kabisa, ile gia ya nguvu, jipu ikauma meno, ikateremusha karavani kama mama na mutoto mgongoni. Freni ya kusimamisha niliigusa kidogo tu. Watu wa pwani wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sijafika pwani, lakini neno hilo nalijua kwa miguu yangu. Tena jipu za namna ile zilikuwa nyingi: kipande kikivunjika, unakipata kwa ndugu yake aliyekufa. Cha bluu kingengojewa kutoka Ulaya.

Tukachukua jipu. Ngombe zilizobaki zikatangulia kwa miguu na binamu zangu, mimi nikavuta karavani mpaka Luhwindja. Baba ya Nsimire alitazama zile ngombe, akazihesabu. Zilikuwa haba, kila mutu aliona. Kisha akazunguka karavani, akaingia, akakaa kwa kitanda.

“Hii umeivuta toka Bukavu? Kwa milima hii yetu?”

“Ndiyo, Papa.”

“Mutu anayefikisha nyumba nzima huku juu bila kuiangusha, nitamunyima mutoto? Ngombe ingine utaleta polepole.”

Nsimire, mulangoni, akauliza tu kama mule ndani wanaweza kulala watu wangapi. Kifua changu siku ile kilijaa kuliko mota ya bluu. Hata leo hakijashuka.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukichagua gari ya kuvuta muzigo, usiitazame tupu. Ifungie muzigo, uiteremushe. Angalia kama pua inabaki chini na usukani unakutii. Chukua ile utakayoweza kuitengeneza, na isimeze kila kitu cha nyumba yako. Mwenda pole hajikwai. Mungu wa babu zetu akupe mikono mitulivu kwenye miteremuko yako, na popote uendapo akufikishe pamoja na wote unaowavuta.